Hebe bustanini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya Waswahili wenye bustani Uingereza na Ireland, ambako hebe inauzwa karibu kila duka la miche. Walio Kanada, Marekani, Ghuba au nyumbani Afrika Mashariki wana swali lao kuelekea mwisho. Jambo moja litajirudia: hebe nyingi zinazokufa bustanini zimeuliwa na maji yaliyotuama na matunzo ya kupita kiasi. Baridi ndiyo inayosingiziwa.

Hebe ni mmea gani hasa?

Ni kichaka kisichopukutisha majani, na kwao ni New Zealand. Kuna spishi takribani 90, kuanzia zinazoota kwenye majabali ya pwani zikipigwa na chumvi ya bahari, hadi zile za milimani zinazolala chini ya theluji miezi kadhaa. Ni miongoni mwa jenasi, yaani koo za mimea, zenye spishi nyingi zaidi nchini humo. Mbili kati yake hupatikana pia kusini mwa Chile, na moja kati ya hizo imefika hadi visiwa vya Falkland.

Ukitaka kuitambua, inama uitazame ncha ya tawi kutoka juu. Majani hutoka mawili mawili yakiangaliana, na kila jozi hukaa msalaba juu ya jozi iliyo chini yake, hivyo utaona safu nne zilizonyooka kabisa kana kwamba mtu kazipanga kwa rula. Wataalamu huenda mbali zaidi: hukitazama kichipukizi cha ncha kwa lenzi, wakitafuta kama pana kijitundu pale majani mawili machanga yanapokutana kwenye shina. Kuwepo kwa kijitundu hicho, na umbo lake, huwasaidia kutenganisha spishi ambazo kwa macho ya kawaida ni pacha.

Dukani itamke "hibi". Ukiisema kama ilivyoandikwa huenda muuzaji akakukodolea macho tu.

Lebo ya mche wangu imeandikwa Veronica. Nimeuziwa kitu kingine?

Hujaibiwa. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hebe zote ni tawi moja ndani ya jenasi kubwa ya Veronica, na mwaka 2007 wataalamu wa mimea walichapisha majina mapya kwa kufuata hivyo. Wauzaji na watunza bustani wengi wamebaki na jina la zamani, ndiyo maana mche uleule unaweza kuukuta na lebo mbili katika maduka mawili. Ndugu zake wapo hata kwetu: Veronica abyssinica hutambaa kwenye nyasi za nyanda za juu Afrika Mashariki, ina viua vidogo vya samawati ambavyo wapita njia wengi hawavioni.

Zipo aina nyingi mno. Nichague ipi?

Kabla ya kutazama maua, tazama jani. Kanuni ya wakulima wa hebe ni hii: kadiri jani linavyokuwa dogo, ndivyo mmea unavyovumilia baridi. Zenye majani makubwa, mapana na yanayong'aa zina damu ya spishi za pwani zenye joto, na joto likishuka kufikia nyuzi -5 huanza kuumia. Zenye majani madogo, hasa ya rangi ya kijivu, asili yake ni milimani na nyingi huhimili nyuzi -10 au hata chini ya hapo, ili mradi miguu yake haijaloa.

Kama unaishi Scotland, kaskazini mwa England au mahali popote palipo mbali na bahari, anza na 'Pagei'. Hutambaa, hukaa kimo cha sentimita 30 hivi lakini hutanuka karibu mita moja, majani yake ni ya kijivu yenye wingu la samawati, na mwishoni mwa Mei hujifunika maua meupe. 'Red Edge' nayo ni imara: kila jani la kijivu lina ukingo mwekundu uliochorwa kama kwa kalamu, na wekundu huo hukolea baridi inapozidi. Hebe rakaiensis hujiviringa yenyewe kuwa tufe la kijani bila kuguswa na mkasi. Kama nafasi yako ni ya mche mmoja tu, mimi ningechukua hii na kuachana na nyingine zote, ingawa maua yake si ya kutangaza.

Kwa wanaotaka maua hasa, 'Great Orme' hutoa mashada ya waridi kuanzia Julai na kufika mita moja na zaidi. 'Midsummer Beauty' ni ndefu kuliko hiyo, na mashada yake marefu huanza zambarau kisha hufifia kuwa meupe kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo shada moja huwa na rangi mbili kwa wakati mmoja. 'Autumn Glory' ni ya zambarau iliyokoza na hupokea zamu wenzake wanapochoka. Hizi zipe ukuta unaotazama kusini.

Halafu kuna kundi ambalo wengi hawaamini kuwa ni hebe: majani yake yamekuwa magamba yaliyoshikamana na shina, kama mvinje. 'James Stirling' ndiyo maarufu, ina rangi ya dhahabu iliyochakaa na hutoa maua machache sana. Ama utaipenda au utadhani imekufa.

Na zile zilizojaa maua zinazowekwa mlangoni mwa supamaketi kila Septemba?

Zinapendeza, lakini jua unachonunua. Nyingi ni aina za majani mapana zilizolelewa ndani ya banda lenye joto na kulishwa mbolea ili zichanue kwa pamoja ndani ya kijungu kidogo. Ukizitoa nje Oktoba na kuziacha zikabiliane na Januari, nyingi hazitafika Machi. Zichukulie kama shada la maua lenye mizizi, au ziweke barazani penye kioo hadi Aprili ndipo uzipande. Hebe ya kudumu nunua Aprili au Mei, na chagua mche ulioshiba matawi tangu chini, hata kama hauna ua hata moja.

Nipande wapi na wakati gani?

Aprili na Mei ndiyo miezi bora, kwa sababu mche unapata majira yote ya joto ya kushika ardhi. Septemba pia inafaa kwa zile imara. Chagua mahali penye jua angalau nusu ya siku. Kivulini itaishi, lakini itarefuka shingo ikitafuta mwanga na maua yatakuwa ya kuhesabu. Upepo wa bahari hauisumbui. Huko Cornwall na visiwa vya Scilly hebe hupandwa kama uzio wa kukinga mashamba ya maua dhidi ya upepo wa chumvi, na nyingine zimetoroka bustanini zikaota zenyewe majabalini. Upepo mkavu na wa baridi kutoka mashariki ndio wa kuukwepa.

Chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu cha mche, kina kilekile. Uso wa udongo wa mche uwe sawa na uso wa ardhi. Ukiuzika shina, utaoza shingo.

Udongo wangu ni mfinyanzi mzito. Kuna matumaini?

Yapo, lakini hapa ndipo miche mingi inapopotelea. Kwanza pima. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee, kisha ulijaze tena na uondoke. Ukirudi baada ya saa kadhaa ukakuta maji yamekwisha au yamebaki kidogo, panda bila wasiwasi. Ukirudi kesho yake ukakuta bado yanakutazama, usipande hebe hapo kwa namna ya kawaida.

Watu wengi wakisikia udongo ni mbaya huchimba shimo kubwa na kulijaza mboji laini ya dukani. Kwenye mfinyanzi hilo ni kosa, na ni kosa linaloua taratibu. Mboji hunywa maji yote ya mvua, mfinyanzi uliozunguka hauyaachii, na shimo zima hugeuka beseni. Mche utachangamka mwaka wa kwanza kwa sababu mboji ni tamu. Majira ya baridi yakija mizizi inakaa ndani ya uji wa baridi miezi minne. Machi majani yanabadilika rangi, na mwenye bustani anailaumu theluji.

Fanya kinyume chake: panda juu. Inua tuta la sentimita 15 hadi 20, changanya udongo wako uleule na changarawe ndogo yenye ncha kali, kisha upande juu ya tuta hilo. Mchanga laini wa ujenzi usiutumie, kwani ukichanganyika na mfinyanzi hugandamana kama saruji. Mwenye mteremko bustanini tayari ana bahati, apande hapo.

Udongo wenye chokaa hauna shida. Hebe huupenda ule usio na tindikali au wenye chokaa kidogo.

Niipe mbolea gani?

Iliyo ardhini haihitaji kitu. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huifanya itoe matawi marefu, laini, yenye majani mengi na maua machache, na matawi hayo ndiyo ya kwanza kuunguzwa na jalidi. Samadi mbichi ndiyo kabisa usiisogeze. Kama mche unaonekana hoi, tafuta sababu kwenye maji na mizizi kabla ya kwenda kununua chupa.

Nimwagilie mara ngapi?

Mwaka wa kwanza, kukiwa hakuna mvua, ndoo ya lita 10 mara moja kwa wiki, ikimwagwa polepole chini ya shina, inafaa kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni. Maji kidogo ya kila siku hufundisha mizizi kubaki juu. Ikishashika, ya ardhini itajitafutia isipokuwa kwenye ukame wa kweli. Mwagilia asubuhi, na usiyaloweshe majani, kwa sababu ambazo utaziona kwenye swali la ukungu.

Nipogoe lini, na kwa kiasi gani?

Kidogo, na mara baada ya maua kukauka. Ondoa mashada yaliyokwisha pamoja na jozi mbili tatu za majani chini yake. Kichaka kitatoa machipukizi mapya na kubaki kimeshikana. Zile zinazochanua Mei na Juni ukizikata wakati huo zina muda wa kutosha kukomaza matawi mapya kabla ya baridi. Zinazochanua hadi Oktoba au Novemba ziache na maua yake makavu hadi Aprili, kwa kuwa ukizikata vuli zitachipua wakati mbaya.

Onyo kubwa ni kuhusu mti mtupu. Fuata tawi kwa kidole kutoka ncha kwenda ndani: utapita sehemu ya majani, kisha utafika sehemu ya kahawia isiyo na jani wala jicho. Ukikata huko, mara nyingi hapachipui tena. Kuna hebe ambazo hutoa vichipukizi vidogo chini kabisa ya shina, na kama unaviona kwa macho yako basi unaweza kukata juu yake. Usikate kwa kutegemea kwamba vitakuja.

Aina za tufe, kama rakaiensis, zinaweza kuguswa kwa mkasi mara moja kwa mwaka ili kunyoosha umbo. Mkasi uwe mkali na mkavu.

Hebe yangu imekuwa na pengo katikati, matawi yamelala pembeni. Nifanyeje?

Imezeeka, au ilishibishwa mno utotoni, au theluji iliilalia. Kwa ukweli, hebe si mti wa kurithisha. Nyingi zikifika miaka kumi hivi huanza kukonda, na hakuna mkasi utakaoirudishia ujana. Chukua vipandikizi mwaka huu, upande mpya mahali pengine, na ya zamani uing'oe bila kinyongo. Kwa siku zijazo, theluji ikianguka nzito toka nje na ufagio uikung'ute kabla haijayavunja matawi.

Baridi imeunguza majani yote. Imekufa?

Usiharakishe kung'oa. Baada ya baridi kali ya Desemba 2022 bustani nyingi za Uingereza zilibaki na hebe za kahawia, hasa zile za majani mapana, na wapo waliozing'oa Januari bila kujua kama zilikuwa hai. Ngoja hadi Aprili au Mei. Kisha kwangua gome kwa ukucha, ukianzia nchani na kushuka. Ukiona kijani chenye unyevu chini ya gome, hapo pana uhai. Ukiona kahawia kavu, shuka tena. Kata juu kidogo ya mahali kijani kinapoanza, penye kichipukizi. Ukifika usawa wa ardhi na bado ni kahawia, basi.

Majani yaliyokufa yaache juu ya kichaka hadi wakati huo, kwa sababu yanakinga vichipukizi vya chini dhidi ya jalidi inayofuata.

Majani yana madoa. Mengine yana ukungu kwa chini.

Ni magonjwa mawili tofauti. La kwanza ni ukungu wa majani: juu ya jani unaona mabaka ya njano, ukiligeuza unakuta vumbi la kijivu kama majivu. Hupenda hali ya hewa ya ubaridi na unyevu na mimea iliyobanana, hasa miche michanga. La pili ni madoa ya mviringo, kahawia yenye ukingo wa zambarau na katikati pamefifia. Majani ya chini huanguka na tawi hubaki uchi.

Kwa yote mawili tiba ni hewa. Punguza matawi yanayosongamana, sogeza vyungu viachane, okota majani yaliyoanguka na uyatupe kwenye taka, usiyaweke kwenye lundo la mboji. Dawa za kunyunyiza kwa hili sioni faida yake kwa mwenye bustani ya nyumbani. Kama aina fulani inaugua kila mwaka mahali palepale, ibadilishe. Ipo nyingine isiyojali.

Tawi moja limekauka, sasa la pili linafuata, na udongo una unyevu wa kutosha.

Hiyo "wa kutosha" ndiyo inayonitia shaka. Dalili hii mara nyingi ni kuoza kwa mizizi kunakoletwa na Phytophthora, kiumbe kinachoogelea kwenye maji yaliyo ndani ya udongo. Chimbua kidogo kando ya shina na uvute mzizi mmoja. Mzizi mzima huwa mweupe au kahawia hafifu na una ukakamavu. Uliooza ni mweusi, ngozi yake inavuka ukiubana kati ya vidole na kubaki uzi mtupu. Kwangua na gome la shina karibu na ardhi: ukiona doa jeusi limepanda kutoka chini, mmea huo hauponi. Ung'oe na mizizi yake yote, na usipande hebe nyingine shimo hilohilo. Safisha jembe kabla ya kulitumia pengine.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mmea uliozama majini hunyauka sawasawa na uliokosa maji, kwa hiyo huongezewa maji.

Nimepanga nyumba, sina ardhi. Itakubali chungu?

Itakubali vizuri, na kwa mpangaji ni mmea wa kufaa kwa sababu unahama nao. Tumia mboji yenye udongo halisi ndani yake, ile inayouzwa kwa jina la John Innes namba 2, uchanganye na changarawe kama robo. Mboji nyepesi tupu hukauka ikawa ngumu majira ya joto na kuloa chepechepe majira ya baridi. Chungu kiwe na tundu na kikae juu ya vijiguu au vipande vya tofali. Sahani ya chini iondoe Oktoba. Hapa mbolea kidogo inaruhusiwa: dozi moja ya ile inayoyeyuka polepole, mwezi wa Aprili. Kila baada ya miaka miwili ihamishie chungu kikubwa kidogo.

Baridi hufika mizizini kwa urahisi kwenye chungu kuliko ardhini, kwa hiyo wiki za jalidi kali sogeza vyungu ukutani na uvizungushie gunia.

Adui mkubwa wa vyungu ni fukusi. Yule mkubwa, mweusi, hutoka usiku na kukata pindo za majani zikabaki na meno meno, jambo ambalo halina madhara makubwa. Watoto wake ndio wabaya: mabuu meupe yenye kichwa cha kahawia, yamejikunja, hayazidi sentimita moja, yanakula mizizi kuanzia vuli hadi Machi. Siku moja unashika mche nao unatoka mkononi bila mzizi. Kinga ni nematodi, yaani minyoo wadogo sana wa kuua mabuu, wanaouzwa wakiwa hai. Wachanganye na maji na uwamwage kwenye vyungu Agosti au Septemba udongo ukiwa bado na joto.

Vipandikizi vya hebe hushika kweli?

Hushika kuliko vichaka vingi unavyovijua, na hii ndiyo njia ya kuwa na hebe miaka yote. Fanya Agosti au Septemba, asubuhi. Chagua matawi ya mwaka huu yasiyo na ua, ambayo ncha yake bado ni laini lakini chini yameanza kukaza. Kata kipande cha sentimita 8 hivi, mara moja chini ya kifundo, yaani pale jozi ya majani inapotokea, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Nyofoa majani ya nusu ya chini, na kama aina yako ina majani mapana yakate nusu yaliyobaki yasipoteze maji mengi.

Andaa kijungu chenye mboji na changarawe nusu kwa nusu, toboa kwa kijiti, chomeka vipandikizi vinne au vitano pembezoni, mwagilia mara moja na ufunike kwa mfuko wa plastiki usiogusa majani. Weka penye mwanga lakini si juani. Unga wa kuotesha mizizi unaweza kuutumia, hebe haiulazimishi. Fungua mfuko kila baada ya siku chache upate hewa, na kinachoota ukungu kitoe mara moja. Baada ya wiki nne hadi sita vuta mmoja taratibu: ukikataa kutoka, umeshika. Vitunze mahali pasipogandisha hadi Aprili, kisha kila kimoja chungu chake.

Chukua vipandikizi vya aina zako zisizo imara kila mwaka, hata kama mmea mama una afya. Ni bima ya bure, na ziada huwa zawadi nzuri kwa jirani.

Na mbegu?

Zinaota, lakini hebe huchavushana ovyo na nyingi za dukani tayari ni machotara. Utakachopata hakitafanana na mama yake.

Ni kweli nyuki wanaipenda?

Simama mbele ya 'Great Orme' au 'Midsummer Beauty' saa sita mchana mwezi Agosti utapata jibu. Nyuki wa asali, wale wakubwa wenye manyoya, na vipepeo hugombania mashada hayo. Faida zaidi ni ya zile zinazochanua Oktoba, maua mengine yakiwa yamekwisha. Usinyunyize dawa ya wadudu mmea ukiwa na maua. Vidukari ukiviona kwenye ncha, vipige kwa maji ya mpira.

Hebe yangu ya rangi mbili inageuka kijani tupu.

Kata matawi ya kijani yote mara uyaonapo, hadi yanapoanzia. Yana nguvu kuliko yale yenye ukingo mweupe, na ukiyaacha yatameza kichaka kizima. 'Silver Queen' ina tabia hii.

Nataka uzio mfupi wa kijani. Jirani amepoteza Buxus yake yote, kile kichaka cha uzio, kwa wadudu wa nondo.

Hebe rakaiensis na Hebe topiaria ni mbadala mzuri kwa uzio wa chini ya goti au unaofika pajani. Panda kwa umbali wa sentimita 40 hadi 50. Nondo anayetafuna Buxus haigusi hebe. Ila usitegemee pembe kali na mistari iliyonyooka: hebe hutaka kuwa mviringo, na ukiilazimisha umbo la tofali utaishia kwenye mti mtupu tuliousema. Nadhani mawimbi ya matufe yaliyoshikana yanapendeza zaidi, lakini hilo ni suala la jicho la mtu.

Ina sumu? Nina watoto na paka.

Haijulikani kuwa na sumu kwa watu wala wanyama wa nyumbani. Kwao New Zealand ilikuwa dawa: Wamaori huziita koromiko spishi kadhaa za majani marefu, na walitafuna vichipukizi vyake vichanga kutuliza kuhara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia majani yaliyokaushwa yalipelekwa kwa wanajeshi wa nchi hiyo waliokuwa ng'ambo wakisumbuliwa na kuhara damu. Hilo lisikufanye uchume 'Great Orme' ya dukani ukachemshe chai. Machotara hayo si koromiko, na miche ya biashara huenda imenyunyiziwa dawa.

Siishi Uingereza. Naweza kuipanda?

Kanuni ni kwamba hebe hutaka majira ya baridi ya wastani na ya joto yasiyo makali. Vancouver na pwani ya Oregon na California inafaa. Toronto na Minneapolis baridi yake ni ya kuua hata 'Pagei', labda uiweke ndani ya chumba chenye ubaridi kama nyuzi 5 na mwanga mwingi, kazi ambayo sidhani inalipa. Uholanzi na pwani ya Ufaransa upande wa Atlantiki hakuna shida kwa zile imara.

Muscat, Dubai, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam achana nayo. Joto la usiku pamoja na unyevu wa hewa huichosha, na una asumini na bogenvilia zisizohitaji kubembelezwa. Nyanda za juu zenye ubaridi, kama Limuru au Lushoto, kwa hali ya hewa haziko mbali na inachopenda, ingawa masika ya huko yatadai tuta la juu na changarawe ya kutosha.

Nikienda likizo nyumbani naweza kubeba vipandikizi kwenye sanduku?

Usivibebe kimyakimya. Kenya unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, na Tanzania kutoka TPHPA, ambazo ni mamlaka za serikali za afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na nchi unayotoka. Kibali huombwa kabla ya safari, si uwanja wa ndege. Kurudi nayo ni vilevile: mche wa kupanda unaoingia Uingereza kutoka Afrika Mashariki hutakiwa kuwa na cheti, hata kama ni kijiti kimoja ndani ya begi la mkononi. Wakikikamata bila karatasi kitateketezwa, na hawana makosa, maana Phytophthora na wenzake husafiri hivyohivyo kwenye udongo uliong'ang'ania mizizi.